Mto wa Chicago Ulioniumbua Ibra

Niliporudi kwetu Ibra, Omani, kutoka Chicago, mwishoni mwa miaka ya tisini, cheti sikuwa nacho. Baba alinipeleka kusoma uhandisi. Nilidumu darasani muhula mmoja, mahesabu yakanishinda, na miezi iliyobaki nikawa nauzunguka mji kwa treni. Nyumbani niliandika kwamba masomo yanakwenda vizuri.

Kwetu msafiri akirudi huulizwa habari. Wanaume huketi sablani, barazani pa wageni, kahawa ikizunguka, naye akasimulia alikotoka. Aliyetosheka na kahawa hukitikisa kikombe chake. Mimi niliazimia kutokitikisa. Maadamu nakunywa, nasimulia. Na maadamu nasimulia, hakuna atakayeuliza cheti kiko wapi, mpaka adhana ya Magharibi ituinue sote.

Alasiri ile tulikuwa na baba, ami yangu, yaani kaka yake mkubwa, na majirani wawili waliotoka Unguja kama sisi. Mama alikuwa nyuma ya pazia, na nilijua anasikiliza.

Nikaanza na moto. Nikawaeleza kwamba mji ule ulikuwa wa mbao, sehemu kubwa ikateketea, wenyewe wakaujenga upya kwa mawe na chuma, ghorofa juu ya ghorofa. Nikaingia kwenye reli zilizokuwa zikikusanya nafaka na mifugo ya bara zima, na machinjio yaliyowatajirisha watu. Jirani mmoja akasema hiyo ni Sinaw, mji wetu wa mnada wa mifugo, ila imepata treni. Nikawapandisha mnarani kwa lifti hadi masikio yakazibika, nikawapeleka makumbusho kuona mifupa ya mjusi wa kale ambaye sabla yetu isingemtosha. Baba akataka kujua habari za ziwa. Nikamwambia maji yake ni matamu, lakini ng'ambo huioni, na siku ya upepo linapiga mawimbi kama bahari ya Sur. Alifurahi. Kila alipofurahi, nilinyoosha kikombe nijaziwe tena.

Kisha nikautaja mto. Nikasema zamani ulikuwa ukimwaga uchafu wa mji ziwani, na ziwa ndilo wanalolinywa, basi wakachimba mfereji wakaugeuza, ukaanza kwenda ulikotoka.

Ami akaweka kikombe chini. Tangu arudi Omani, yeye ndiye aliyesimamia zamu zetu za falaji, ule mfereji unaonywesha mitende, na mambo ya maji hakuna aliyemwingilia. Akasema maji hayapandi. Yangekuwa yanapanda, yeye asingehangaika na lile shamba la juu miaka yote hii. Majirani wakacheka. Mmoja akauliza kama na mjusi naye nimemtunga.

Niliona uchungu. Uongo wangu wote ulikuwa umepita salama, na jambo la kweli ndilo lililokataliwa.

"Ami, nimeuona kwa macho yangu," nikasema. "Nilikuwa nasimama darajani kila asubuhi. Nilikuwa natupa majani nikiyatazama yanakokwenda."

Aliyejibu ni baba, taratibu.

"Kila asubuhi? Na darasani ulikuwa ukenda saa ngapi?"

Nikatoa jibu la kweli. Nikaeleza muhula mmoja, mahesabu, treni, barua. Sikumtazama mtu. Jirani mmoja alikuwa akiizungusha kokwa ya tende kwenye sahani.

Baba akavuta pumzi ndefu.

"Miezi yote hiyo watazama maji," akasema. "Si ungekaa hapa ukaitazama falaji ya ami yako? Hii ungeiona bure."

Ami ndiye aliyecheka mwanzo, cheko lililomtoa machozi, halafu akaniuliza mfereji ule waliuchimba kina gani. Alitaka kujua kwelikweli. Nikamwambia waliuteremsha chini kuliko ziwa, ndipo maji yakashuka upande wa pili. Akatikisa kichwa, akasema basi hayakupanda, yalidanganywa.

Tangu siku ile nimekaa Sur, nimekaa Nizwa, na popote sijatulia, lakini barua ya uongo sijaiandika tena.

Alasiri ile, baba aliliinua birika, akaona kikombe changu bado nimekinyoosha.

"Kitikise, mwanangu," akasema. "Umekunywa ya kutosha. Nenda ndani, mamako kakupikia bokoboko."

Nikakitikisa.