Sinia la Kuku Jukwaani

Juzi nilipita Kagongwa, nikaingia mgahawani kunywa chai. Meza ya jirani kijana alikuwa anakula wali na mama mtu mzima, anamchagulia minofu, wanacheka. Mhudumu akaniambia ni mtu na mama mkwe wake. Chai yangu ilipoa. Ngoja nikusimulie kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita, naishi kwa bibi hapo hapo Kagongwa. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari alitafsiri mchezo wa kuchekesha wa zamani mno, wa enzi za malkia fulani wa Uingereza, akataka uigizwe kwenye ghala tupu la pamba. Ndani yake msichana anavaa kiume ili aongee na mpenzi wake mbele ya baba anayemlinda, na baba, asiyejua kitu, anawakaribisha chakula. Mwalimu alieleza kwamba enzi hizo wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, hivyo aliyeigiza alikuwa mvulana anayejifanya msichana anayejifanya mvulana. Nikamwuliza bibi, "Sasa hapo nani anampenda nani?"

"Kamwulize mwalimu wako," akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Msichana aliigizwa na binti wa jirani yetu, mpenzi akawa fundi baiskeli wa sokoni. Mama jirani alikubali kwa sharti moja: mazoezi yafanyike uani kwake, ayaone kwa macho. Binti alikuwa ameshaposwa na mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro, na ng'ombe wa mahari walikuwa waje baada ya mavuno. Mnunuzi huyo alikulia machimboni. Siku ya posa alikaa mkekani na mama jirani, wakala ugali sahani moja.

Kila jioni binti alivaa suruali ya baba yake, akajichora masharubu kwa masizi ya sufuria. Fundi alimmwagia maneno matamu, mama jirani akicheka hadi machozi.

"Fundi, mbona baiskeli yangu huibembelezi hivyo?"

Fundi aliinamisha kichwa tu. Binti ndiye aliyejibu: "Mama, baiskeli yako haina masharubu!"

Kisha ilikuja michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye bakuli kubwa, na pembeni bakuli dogo ambalo hakuna aliyeliomba. Sote tulizunguka lile kubwa. Fundi alichukua dogo, akaenda kula nyuma ya jiko. Nilikuwa na daftari la kuandikia mambo, nikaandika. Nikaandika pia kwamba mara tatu nilimwona njiani akishuka kwenye baiskeli na kuingia shamba la pamba, akisubiri mama jirani apite. Nikadhani wana ugomvi, nikampelekea bibi habari hiyo.

Bibi aliweka ungo chini. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Ng'wanawane, mwanangu, kijana wa Kisukuma hali mbele ya mama mkwe wake, wala hapishani naye njiani. Fumba mdomo. Ukiropoka, yule binti anapelekwa Katoro."

Tangu hapo sikujua tena lini wanaigiza na lini hawaigizi. Mama jirani alipocheka, mimi nilitaka kulia.

Siku ya mchezo ghala lilijaa. Mnunuzi alikaa kiti cha mbele. Onyesho la mwisho lilikuwa karamu, na mwalimu, aliyeigiza baba, alimwita mama jirani apande na sinia la kuku aliyempika mwenyewe, apigiwe makofi. Akaliweka mbele ya fundi.

"Haya, mkwe wa mchezo, kula!"

Watu wakacheka. Fundi alilitazama sinia, mikono magotini.

"Kula, wewe!" mwalimu akanong'ona.

Fundi alisimama, akajifunika uso kwa kofia, akashuka na kujificha nyuma ya marobota machache ya pamba yaliyosahaulika pembeni. Vijana walizidi kucheka. Nyuma, walikokaa vikongwe, mmoja akasema, "Heee! Huyo mbona ni mkwe kweli!"

Mnunuzi alipiga makofi. Alidhani ndio mchezo.

Mama jirani alimtazama binti yake. Masharubu yalikuwa yanachuruzika na machozi. Akavuta kanga akajifunika kichwa, akageuzia mgongo upande alikojificha fundi, kama mama mkwe anavyopaswa. Akamwambia binti, "Mpelekee kuku huko huko."

Vigelegele vilitikisa mabati. Ng'ombe wa Katoro hawakuja.

Leo ghala lile linauza vipuri vya pikipiki. Mwalimu alihamishwa, bibi hayupo, na wakwe wanakula meza moja bila mtu kugeuka. Mimi bado sielewi. Je, mama jirani aliridhia, au mikono ilitii mila kabla ya moyo? Na kama hakujua kitu, bakuli dogo lilitoka wapi?

Nilipotoka mgahawani nilikwenda kwake. Amezeeka, macho ni yale yale. Akanitengea michembe, nikamwuliza.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unaandika?" akacheka. "Uliandika nini?"

Kabla sijajibu, kengele ya baiskeli ililia kwa mbali, mara tatu. Akavuta kanga, akanyanyuka, akaingia chumbani. Mkekani nilibaki mimi na mabakuli mawili, kubwa na dogo.