Memori Haitoshi

Niliichukia kompyuta ile tangu dakika ya kwanza. Ilinuka mkojo wa panya, na nilipofungua kasha mende walitawanyika juu ya meza ya mama mmoja fundi wa kushona kama wenye nyumba waliovamiwa. Diski tu ndiyo ilikuwa imepona.

Kwenye diski ile kulikuwa na tarizi za kanzu alizochora marehemu mumewe, fundi aliyejulikana mtaa mzima wa Biryogo, kwa programu isiyofunguka tena kwenye kompyuta za leo. Kitindamimba wao alikuwa anaoa Ijumaa. Mama alitaka shingoni mwa kanzu yake iwepo tarizi ambayo baba yake alijishonea mwenyewe.

Nikamwambia ni kazi ndogo. Laptop yangu ina programu inayoigiza kompyuta ya zamani; unaweka mfumo wa kizamani ndani yake, nao unadhani uko kwao. Nikauwasha. Ukaandika: memori haitoshi.

Nikaongeza. Haitoshi. Nikaongeza maradufu. Haitoshi! Siku mbili nilibadilisha prosesa, nikabadilisha kadi ya picha, nikasakinisha upya, nikatukana. Ilifika mahali nikiona skrini ile nachefuka.

"Mwana wangu," mama akasema kutoka kwenye cherehani, "mashine yangu ikikata uzi, mimi napunguza kukaza. Hiyo nayo iko inakataa. Punguza."

"Mama, hii si cherehani," nikamjibu, kwa ile sauti ya kujua kila kitu ninayoichukia kwa wenzangu. Jumatano nikamwambia tarizi zimekufa, asingoje.

Alhamisi asubuhi, nyumbani Batsinda, kwa hasira tu nikapunguza memori hadi kiasi ambacho hata simu ya bei poa ingekicheka. Ukawaka. Mfumo ule haukuwahi kuona memori nyingi vile. Ulishindwa kuihesabu, ukadai haitoshi. Tarizi zote zilikuwepo.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mbio hadi Biryogo. Mama alikuwa ameinamia kanzu ya marehemu, ya pekee aliyoibakiza. Tarizi ile ya shingoni yote alikuwa ameifumua, na sasa anafuata matundu ya sindano kwa penseli.

"Ulisema zimekufa," akasema. "Nikatafuta namna uzi wake ulipita."

Nikafungua laptop mbele yake. Aliitazama tarizi kwenye skrini, nzima, kisha akazitazama nyuzi zilizojaa mapajani mwake. Nilijitia kinyaa kuliko mende wale wote.

"Ulipunguza?" akaniuliza.

"Nilipunguza, mama."