Herufi Nene Zilizolala

Alhamisi, manyunyu tangu alfajiri. Leo dada wa steshenari pale Tarime alikuwa ananichapia kadi ya harusi ya binti yangu. Alibonyeza mara mbili tu, jina likanenepa, likalala upande, na kila herufi ikaonekana ina vijiguu. Nikakosa raha.

Herufi za namna hiyo ndizo zilizokuwa juu ya karatasi ya Mwita, mtu wa rika la baba, dhahabu ilipoonekana shambani kwetu Nyarero, nikiwa mtoto wa shule. Karatasi ilinukia wino mbichi. Baba hakujua kusoma.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma mstari ule mnene: Ushirika wa Uchimbaji. Chini yake kulikuwa na mistari midogo iliyobanana, nami niliona aibu kukwamakwama mbele ya mgeni.

"Ni ya kweli, baba. Ni maandishi ya kadi za harusi."

Niliamini kwamba herufi nzuri hivyo haziandiki jambo baya.

Baba akaweka dole gumba. Mwita akakunja karatasi. "Shemeji," akamwambia mama, "mkishavuna, mtuachie shamba."

"Tuwaachie kivipi?"

"Imeandikwa hapo chini. Si mtoto wenu amesoma?"

Sitaki kumwonea Mwita. Karatasi haikuficha kitu. Mimi ndiye niliyeruka mistari, au labda najilaumu kupita kiasi. Lakini aliniona nikiruka, akanyamaza.

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo kwa mlenda. Baba alinimegea mimi tonge la kwanza, kabla hajala yeye.