Barua Iliyokaa Ofisi ya Vibali

Mwezi uliopita nilisimama mahakamani hapa Mbeya bila wakili, nikailaumu ofisi ya vibali kwa kukalia miezi minane ombi langu la kumleta mke wangu, Tamanda, kutoka Nyasaland.

“Nililituma mwenyewe, Bwana Hakimu,” nilisema kwa ukali, “siku ileile niliyomwandikia mke wangu.”

Karani wa ofisi akasimama na bahasha. “Barua yake tunayo, Bwana Hakimu. Tulishindwa tuijibu vipi.”

“Isome.”

Akakohoa kidogo. “Tamanda wangu, kila lori la Nyasaland likipita Iyunga nakimbia kutazama kama umo. Kwa baridi hii blanketi peke yake halinitoshi.”

Hakimu akainama, mabega yakitikisika. Ndipo nikajua kwamba Tamanda, asiyejua Kiingereza, analalia fomu ya serikali chini ya mto.