Chumba Namba Tisa na Wageni wa Mapango

Chumba namba tisa hakikuwa na dirisha. Aliyejenga ile lojingi ya Mtito Andei alianza upande wa barabara kuu, akaja akirudi nyuma kadiri alivyopata mabati, na alipofika mwisho wa ploti akakutana na ukuta wa jirani. Kile kipande kilichobaki akakiezeka, akatia mlango, akaandika tisa. Hakuna dereva aliyekubali kulala humo. Mchana kilikuwa tanuri, na jua likitua kilianza kupoa polepole, kama sufuria ya uji iliyofunikwa.

Kwa sababu hiyo tulipewa sisi.

Mimi ndiye kifungua mimba wa watoto wanne. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla sijamaliza darasa la saba, nikaacha shule katikati ya muhula bila hata kumuaga mwalimu. Kwetu ni upande wa Tulia, Kitui. Baada ya matanga ukoo ulikaa ukatugawa. Mdogo wangu wa kiume aende kwa baba mdogo akachunge mbuzi, wasichana wawili waende kwa shangazi, na mimi nitafutiwe kazi ya nyumba Nairobi. Hawakuwa watu wabaya. Ulikuwa mwaka wa ukame, na kila mmoja alitoa nafasi aliyokuwa nayo. Lakini nilijua kwamba tukitawanyika hivyo, tutakuwa tunaonana kwenye mazishi ya watu wengine.

Nikasikia kuna kazi ya kufua na kufagia huku kwenye barabara ya Mombasa. Nikamwambia shangazi kwamba nitawachukua wote watatu.

Hakunizuia. Alifunga leso yake vizuri, akaniambia, "Haya, enda nao. Shule zikifungwa nitakuja kuona wanalala wapi. Nikikuta hawana mahali, ninawabeba, na wewe hutafungua mdomo."

Nikakubali. Miezi yote iliyofuata, kila nilipokamua shuka, niliyawaza maneno yale. Shuka za madereva zina vumbi jekundu ambalo haliishi, hata ukizisuuza mara ngapi. Nilikuwa nachoka kuanzia asubuhi. Nilichoka nikiwa nimesimama, nikachoka nikiwa nimekaa, na jioni nilipowapikia wadogo zangu isyo, ile githeri yetu ya mahindi na maharagwe, nilikula nikisinzia. Lakini tulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na komeo.

Basi asubuhi moja ikaingia Landrova ya kijani, wakashuka watu wawili. Mmoja alikuwa mama Mzungu aliyeanza kuzeeka, mwembamba, mwalimu huko Nairobi, na Kiswahili alikijua. Mwingine alikuwa kijana wa Kihindi, injinia. Walikuwa watu wa mapango. Si kazi iliyowalipa, ilikuwa raha yao, kuingia ndani ya ardhi na kutambaa mpaka mwisho. Milima ya Chyulu ina mapango marefu yaliyoachwa na moto wa volkano wa zamani, na watu wenye raha kama hiyo kutoka nchi nyingi walikuwa wamepanga kukutana huko kwa wiki moja. Hao wawili walitumwa watangulie kutafuta pa kuwalaza, wazee na wenye migongo mibovu kwenye lojingi, vijana kwenye mahema chini ya milima.

Kwenye veranda alikuwepo dereva wa lori la ng'ombe, Mwislamu wa kutoka Garissa, akinywa chai.

"Abaayo," akaniita, maana kwao dada huitwa hivyo. "Hawa wanapanda ndege kutoka ng'ambo waje kuingia kwa shimo?"

"Ndivyo wanasema."

"Na wakishafika ndani?"

"Wanatoka."

Alicheka hadi chai ikamwagikia kikoi.

Mwenye lojingi, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kunipigia kelele ila siku moja, aliwazungusha wageni akiwafungulia mlango mmoja baada ya mwingine. "Vyote vitupu, madam. Vyote ni vyako." Na kweli vilionekana vitupu, kwa kuwa ilikuwa asubuhi. Lakini huyo mama hakuangalia vyumba kama watu wengine wanavyoangalia. Alipiga magoti, akawasha tochi, akamulika chini ya kitanda.

"Hizi ndala ni za nani?"

Zilikuwa ndala za dereva wa Garissa. Chumba cha pili kilikuwa na birika na kofia. Cha tatu, blanketi lililokunjwa. Madereva wa njia ile walikuwa na desturi hiyo. Ukiacha kitu chako chini ya kitanda, chumba ni chako hata ukikaa Mombasa siku ngapi, na hakuna dereva mwenzako atakayekigusa. Mzee mwenyewe alikuwa amezoea desturi hiyo mpaka akaisahau.

"Hivyo si vyumba vitupu," mama alisema. "Hivyo vina watu ambao hawajafika."

"Watalala kwa lori, madam."

"Nani atalala kwa lori?" dereva wa Garissa alisema kutoka verandani. "Mzee, mimi na hiyo kitanda tumeoana."

Wakacheka wote, hata mzee. Lakini hesabu ya wageni iliharibika. Vyumba visivyo na vitu chini ya kitanda vilikuwa vinne tu. Injinia akakuna kichwa, wakaanza kupanga upya, nani alale kwenye hema na nani awekwe na nani. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, nikifurahi kimoyomoyo, kwa sababu namba tisa walikuwa hawajakifikia.

Wakakifikia.

Mama aliingia, safari hii akazima tochi, akavuta mlango nyuma yake, akakaa humo gizani. Nilidhani amezidiwa na joto. Alipotoka uso wake ulikuwa unang'aa kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha hoteli kubwa.

"Hiki," alisema. "Hiki ni kikavu kabisa. Hakuna hata uzi wa mwanga. Hiki ndicho stoo yetu."

Walihitaji mahali pa kuweka kamba zao na mawe ya kabaidi. Kabaidi ni yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyamwagia maji yatoe gesi. Hao watu walikuwa na taa za kufunga kwenye kofia, zinazowaka kwa gesi hiyo. Yakipata unyevu kabla ya wakati wake ni hatari, na kwenye mahema asubuhi kuna umande. Walitaka chumba kikavu, chenye kufuli, kisicho na dirisha. Barabara nzima chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja.

"Ni chako, madam," mzee alisema.

Walipokwenda kuona uwanja wa mahema, nilimfuata mzee jikoni.

"Na sisi?"

"Ni wiki moja tu. Watoto watawekwa mahali. Wageni hata wamesema wana hema la ziada."

Wiki moja. Sikuwa na elimu ya kubishana naye, lakini nilimjua. Chumba kilikuwa chetu kwa sababu hakuna aliyekitaka. Siku atakapoona kwamba kinaweza kutakwa, atatafuta mwingine wa kukitaka. Ataweka magunia ya mwenye duka, au mafuta ya mwenye lori, na hatasema uongo akituambia tusubiri kidogo.

Mambo yalikuwa hapo wakati basi la Kitui liliposimama, na shangazi akashuka na kikapu chake. Shule zilikuwa zimefungwa.

Alisalimia watu wote, akanipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni.

"Umekonda."

"Ni kazi, shangazi."

"Wanalala wapi?"

Nikamwonyesha. Alisimama mlangoni akaona kitanda kimoja, mkeka na nguo zetu kwenye msumari. Kitinda mimba wetu alikuwa ameketi kwenye mkeka, akakohoa.

"Huyo ana nini?"

"Vumbi."

"Vumbi," alirudia. Halafu mzee wangu, kwa adabu zake zote, akaja kumsalimia mgeni, na katika mazungumzo akamweleza habari njema ya wageni wa mapango, na kwamba watoto watalala kwenye hema kwa muda.

Shangazi alingoja aondoke.

"Watoto wa kaka yangu walale chini ya kitambaa? Kwani ni wanajeshi?"

"Shauri halijakatwa, shangazi."

"Limekatwa. Mwenye nyumba amesema. Funga nguo zao. Basi la kesho kutwa tunalo."

Sikulia. Wakati huo nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kulia kungekuwa kazi nyingine. Nilichukua ufunguo wa stoo ya makaa.

Ile stoo ilikuwa nyuma ya jikoni, ukuta wa mawe, mlango wa mbao, nayo pia haikuwa na dirisha. Ilijaa magunia. Bati lake lilikuwa limetoboka, lakini tundu huzibwa. Nilianza kutoa magunia nikayapanga kando ya ukuta wa nje. Dereva wa Garissa aliniona nikipita na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mama zetu wanavyobeba kuni, akauliza nahama kwenda wapi. Nilipomweleza alishusha turubai kuukuu la lori lake, akafunika makaa yale. Kisha nikaenda kwa wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza barabara kuu, wakanichotea lami kwenye mkebe. Nikafagia, nikamwaga maji, nikasugua, nikaacha mlango wazi pakauke, nikapaka chokaa. Kesho yake saa nne mzee akanikuta hapo, nyusi zangu nyeupe kwa chokaa.

"Nani alikwambia ugeuze mipango ya wageni?" Hiyo ndiyo siku aliyonipigia kelele. "Makaa yangu yako nje!"

"Yana turubai, mzee. Na makaa hayakohoi."

Nyuma ya mzee Landrova ilikuwa imerudi kutoka milimani, na mama wa mapango alikuwa amesimama anasikiliza.

Nikamgeukia yeye. Nilikuwa sijawahi kumwambia mgeni jambo la namna hiyo, na nilisema haraka ili nisirudi nyuma. "Mama, kile chumba ulichopenda, mimi na wadogo zangu tunalala humo. Ukiweka mawe yako humo, huyu shangazi yangu anawachukua, na haki ni yake. Stoo hii ina kufuli. Iangalie."

Alimtazama mzee. Mzee alitazama viatu vyake.

"Hakuna aliyeniambia kuna watoto," mama wa mapango alisema. Halafu akaingia stoo na injinia, wakavuta mlango. Hivyo ndivyo walivyokagua. Walikaa ndani gizani, mchana kweupe, wakitafuta juu yao penye nyota za mwanga. Kila penye mwanga maji yangeweza kupita. Mimi nilipanda kwenye bati na mkebe wa lami, na wao wakaniita kutoka chini.

"Kushoto! Zaidi! Hapo!"

Niliziba. Bati liliniunguza magoti. Lami ilipokauka kwenye kijiti nilihitaji iliyopashwa moto, na nilipoangalia chini nikamwona shangazi amekunja leso kiunoni, ananyoosha mkono na mkebe wa pili alioutoa kwenye jiko.

"Chukua. Na usianguke, sitaki matanga mengine."

"Kulia! Kidogo tu! Hapo!"

Tuliendelea hivyo muda mrefu. Mwishowe sauti kutoka chini ikasema, "Sasa ni giza kabisa. Vizuri sana."

Shangazi alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya mama kuugua. "Aiya! Mimi sijaona mtu akisifu giza."

Mama wa mapango akatoka na vumbi la chokaa kwenye nywele. Alimwambia mzee kwamba ataweka vitu vyake kwenye stoo ya makaa, na kwamba namba tisa hakihitaji tena. Mzee alisema sawa, madam, na hakunisemesha mpaka jioni ya siku iliyofuata.

Usiku huo pia shangazi alilala nasi, yeye kitandani na kitinda mimba. Asubuhi alitoka amelowa jasho, akakaa kwenye ndoo niliyoipindua, akavuta pumzi.

"Humo ndani mtu anapikwa. Mwambie mzee wako atoboe dirisha."

"Akitoboa, kitakuwa chumba cha kukodisha. Atatutoa."

Shangazi alimwangalia mtoto akikohoa, akaangalia barabara ambako basi lingetokea, akaniangalia mimi na mikono yangu yenye lami. Nilikuwa nimeshafunga nguo zao kwenye kifurushi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutofungua mdomo. Kifurushi kilikuwa pale kati yetu.

"Basi mlango ulale wazi," alisema. "Upepo uingie. Na wewe ulale hapo mlangoni, mtu asiweze kupita bila kukukanyaga."

"Ndiyo, shangazi."

"Si siku moja mbili. Kila siku. Nikirudi Desemba nikute huyu hakohoi. Akikohoa, wote watatu."

Basi likaja. Alipanda na kikapu chake, peke yake. Nilikifungua kile kifurushi nikazirudisha nguo kwenye msumari.

Wageni wa mapango walikuja baada ya mvua, wakajaza vyumba vyao vinne na mahema yao chini ya milima. Nilifua shuka zao wiki nzima, zikiwa na matope meusi mahali pa lile vumbi jekundu. Mama alitaka kunipeleka nikaone pango, lakini ilikuwa siku ya kufua. Walipoondoka, makaa yalirudi ndani.

Nililala mlangoni, kichwa upande mmoja wa kizingiti na miguu upande wa pili. Saruji ile ilikuwa baridi, hata Mtito Andei, na mgongo wangu haujaisahau. Kikohozi kilipungua, kikarudi wakati wa vumbi, kikapungua tena. Desemba shangazi alikuja, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza kwa muda, akasema yeye ana njaa, kuna chakula? Nguo za watoto aliziacha kwenye msumari.

Nikampakulia.