Moto Ndani ya Mdomo

Mama yangu alivuta sigara huku upande unaowaka ukiwa ndani ya mdomo. Wanawake wengi wa rika lake huku Kabras walivuta hivyo. Ukipalilia miwa ya watu tangu asubuhi, mikono yote miwili iko kwenye jembe na mvua haikuombi ruhusa, sigara haitabaki inawaka usipoifungia mdomoni. Nikiwa mtoto nilimwomba anifundishe, akanizaba kofi moja la haki.

Kidonda kilianzia kwenye kaakaa. Alikificha kwa muda mrefu, akila obusuma, ugali wetu, kwa upande mmoja na kusema ni jino. Hospitalini mjini Kakamega walikata kipande wakapima, wakatuambia ni saratani, na kwamba aende Eldoret upesi akatibiwe kwa mionzi. Bima ingelipa sehemu tu. Iliyobaki ilikuwa juu yetu, mimi na kaka yangu, maana baba alishatutoka zamani.

Tulikutana nyumbani kwa mama Jumapili, baada ya kanisa. Kaka hata hakuegemea kiti.

"Mimi nakatwa bima kila mwezi na sijawahi shika sigara," alisema. "Mtoto wangu ako na pumu, na hiyo hakujitakia. Mama alikuwa anavutanga mwenyewe. Mbona sasa ituangukie sisi?"

Nilichemka. Nilimuuliza kama amesahau kwamba kila Krismasi alipokuja kutoka kazini alileta sukari, majani ya chai na pakiti za sigara, akamkabidhi mama kwa mikono miwili mbele ya wageni. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mzazi anayevuta. Majirani waliangalia mfuko kwanza ndipo wakasema fulani ana mtoto. Leo amekuwa mgeni wa moshi ule?

Kaka akainamisha kichwa. Niliona anaaibika, nikaridhika, na mama naye akaona. Akaondoa leso mdomoni.

"Wacha mtoto wangu," akaniambia. "Amesema kweli. Hakuna mtu alinishika mkono nivute. Mimi siendi Eldoret."

Tulimbembeleza wote wawili, hata kaka, lakini mama akikataa amekataa. Nilijua anachokifanya. Alikuwa anamsitiri mwanawe, kama alivyotusitiri tangu tukiwa wadogo, na mara hii alimsitiri kwa uhai wake. Siku hizi nikisikia watu redioni wakisema wavutaji wajilipie maradhi yao, huwa naizima. Si kwamba hawana hoja. Kaka pia alikuwa nayo, na mama aliisikia akiwa ameketi pale pale.

Kaka si mtu mbaya. Siku ile aliondoka bila kunywa chai. Mvua zilipokwisha akarudi na gari la kukodi na pesa za mkopo. Wakati huo mama alikuwa anaishi kwa uji mwepesi. Alikataa tena, mpaka kaka akapiga magoti mbele yake, mwanamume mzima mwenye mvi, ndipo akaomba aletewe gauni lake la kanisani.

Eldoret tulipokelewa na daktari kijana, mpole. Alizitazama picha alizopigwa mama kwa muda, akazirudia. Kisha akatuambia kwamba ugonjwa umeshasambaa na mionzi haitamsaidia. Atampa dawa za maumivu, turudi naye nyumbani.

Kaka alilia pale pale, mlango ukiwa wazi na watu kwenye foleni wakimwona. Mimi nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Mama ndiye aliyemwekea mkono mgongoni. Sauti yake ilikuwa karibu imekwisha, ikabidi tuiname ndipo tumsikie.

"Usilie, papa," akamwambia, kama alivyozoea kumwita tangu utotoni. "Hizo pesa sasa nunulia mtoto dawa ya pumu."

Nilimtazama usoni. Nilitegemea kuona hofu, au angalau uchungu, lakini alikuwa ametulia kama mtu aliyeambiwa amepona. Mama yangu alifurahi kwamba hatatugharimu tena. Aliomba tumshike mkono, akashuka ngazi za hospitali kwa haraka zaidi kuliko alivyozipanda.