Dobi na Doa la Kahawa

Mama dobi hapigi pasi bila filamu. Simu ameiegemeza kwenye kopo la sabuni, na mikono yake, iliyochujuka kwa maji kuliko nguo za wateja, hukunja kola bila kutazamwa. Kila filamu ana ugomvi nayo. "Msichana wa hadithi za bibi alisugua masufuria miaka saba, ndipo mwana wa mfalme akamwona," huwaambia wateja. "Huyu wa siku hizi anammwagia tajiri kahawa asubuhi, jioni kashapendwa. Na shati kafua nani?" Kisha hucheka peke yake, akilamba kidole kupima moto wa pasi.

Asubuhi moja akaja msichana mhudumu wa hoteli ya jirani, machozi yakimlengalenga, mkononi shati jeupe la mgeni. Alikuwa amemmwagia kahawa. Meneja kasema lisipotakata kabla ya saa sita, asirudi kazini.

"Na mgeni mwenyewe kasemaje?" dobi akauliza, akisugua doa kwa ndimu na chumvi.

"Aliniuliza kama nimeungua."

Dobi akanyoosha mkono wenye povu, akaizima filamu. Saa tano na nusu shati lilikuwa jeupe, limenyooka.

"Ahsante, mama. Nitamwachia mtu wa mapokezi ampe mgeni."

Dobi hakuliachia shati. "Vua aproni kwanza, imekunjamana." Akaitandaza mezani, akaipiga pasi mara mbili, mpaka kamba zake. "Haya. Shati umpelekee wewe mwenyewe, mkononi."